Mbuzi Waliopelekwa Kuchanjwa

Kila jioni, baada ya kuchota maji katika kisima cha mchangani mtoni, Mutindi aliwasomea watu barua. Wanawake wa kijiji chao, nje kidogo ya Nuu, walimletea barua za waume zao waliofanya kazi Mombasa na Athi River. Alikuwa darasa la sita, na hakuna mtoto kijijini aliyemshinda kwa Kiingereza. Jambo moja tu watu hawakulijua. Mutindi alipokutana na neno asilolielewa, hakusema. Alibuni maana, akaendelea kusoma kwa sauti ile ile.

Mwaka wa 1983, mwezi wa Aprili, shule ilifungwa na walimu wakaenda makwao. Jumatatu moja, dereva wa Landrova ya serikali alileta barua iliyoandikiwa mwalimu mkuu. Alipokuta shule imefungwa, alimwachia Mzee Nzomo, mzee wa kijiji, akaondoka. Mzee Nzomo alisoma Kikamba na Kiswahili bila shida, lakini barua hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Akaipeleka nyumbani kwa kina Mutindi.

"Nisomee, mwanangu. Pengine ni jambo la haraka."

Barua ilikuwa fupi. Siku ya Alhamisi asubuhi, watu walete "kids" wote uwanja wa soko wadungwe sindano, kuanzia wa miezi tisa hadi wa miaka mitatu. Mutindi alikwama kwenye neno lile "kids". Shuleni walifundishwa kwamba watoto ni "children". Aliingia ndani akafungua kamusi yake. Kid: mwanambuzi. Hakusoma mstari uliofuata. Aliifunga kamusi akatoka.

"Wanambuzi wote wapelekwe sokoni Alhamisi, wachanjwe," alisema.

Mzee Nzomo alikuna kidevu. "Hadi wa miaka mitatu? Mbuzi wa miaka mitatu si mwana tena, Mutindi. Huyo ameshazaa mara mbili. Umesoma vizuri?"

Mutindi alihisi uso ukimchoma. Angeweza kurudi kutazama kamusi tena. Lakini mama yake, Mbinya, alikuwa amesimama pale na mdogo wake Kisilu mgongoni, akimtazama kwa fahari.

"Wazungu ndivyo wanavyohesabu," akajibu.

Mzee Nzomo hakubisha. Mwaka uliotangulia maafisa wa mifugo walikuja na Landrova kama ile kuwachanja mbuzi, na waliokosa sindano walipoteza mifugo. Kufikia jioni, habari ilikuwa imefika kila boma.

Alhamisi asubuhi uwanja wa soko ulijaa mbuzi. Landrova ilipofika, alishuka muuguzi aliyevaa sare nyeupe, akiwa amebeba sanduku la barafu. Jina lake lilikuwa Sista Kasyoka. Aliwatazama mbuzi, kisha akawatazama watu.

"Watoto wako wapi?"

"Si hawa, Sista?" Mzee Nzomo alisema, akionyesha mbuzi.

Dereva aliangua kicheko. Sista Kasyoka hakucheka.

"Mzee, ng'ambo ya kilima kile nimeacha watoto wanne wakiugua ukambi. Wa tano amezikwa jana. Chanjo hii isipokaa kwenye baridi inaharibika, na kufikia saa nane barafu yangu itakuwa maji. Nani amewaambia mlete mbuzi?"

Mzee Nzomo aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyetangaza."

Mutindi alikuwa ameshika kamba ya mbuzi wao. Hakuna aliyemnyoshea kidole. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa mzee wa watu. Aliiachilia kamba, akasogea mbele.

"Si kosa lake, Sista. Mimi ndiye niliyesoma. Sikulijua lile neno, na sikusema kwamba sijui."

Sista alimtazama kidogo.

"Tutazungumza baadaye. Unaweza kukimbia?"

"Naweza."

"Basi kimbia."

Mzee Nzomo alikwenda kanisani akaigonga rimu ya gari iliyotundikwa iwe kengele. Akina mama waliokuwa uwanjani walirudi mbio kuchukua watoto wao. Mutindi alipanda kwenye maboma ya juu, na katika kila boma alilazimika kurudia maneno yale yale: "Ni watoto wanaotakiwa, si mbuzi! Mimi ndiye niliyekosea!" Bibi mmoja alimkemea. "Leo watoto, kesho utasema kuku?" Mutindi alimbeba mjukuu wa bibi huyo mgongoni, wakateremka pamoja.

Saa nane ilipofika, watoto arobaini na wawili walikuwa wamechanjwa, Kisilu akiwa miongoni mwao, akilia kwa nguvu. Lakini boma moja la mbali Mutindi hakuwahi kufika. Sista alisema kwamba kesho yake atakuwa zahanati ya Nuu, yenye friji, hadi adhuhuri. Ijumaa, kabla ya jua kuchomoza, Mutindi alimfuata mama wa boma lile, na wakatembea hadi Nuu wakipokezana kumbeba mtoto.

Mtoto alipokwisha kudungwa, Sista Kasyoka alimwita Mutindi.

"Tangu zamani, kid ni mwanambuzi. Kamusi haikukudanganya. Baadaye Waingereza wakaanza kuwaita watoto wao hivyo, kwanza kwa mzaha, kisha kwa mapenzi, kama mama anavyomwita mwanawe kifaranga. Sasa neno lina maana zote mbili, na maneno yaliyo karibu nalo ndiyo yanayokuonyesha ni ipi. Umri ule ulipaswa kukushtua."

"Mzee Nzomo ulimshtua," Mutindi alisema kwa sauti ya chini.

"Naye hajui Kiingereza." Sista alikunja mikono. "Mimi pia nilikosea. Nilimwandikia mwalimu kama ninavyoongea na wenzangu, badala ya kuandika Kiswahili kinachoeleweka na wote. Lakini sikiliza, Mutindi. Kutojua neno si aibu. Hata mimi hukwama, nikamuuliza daktari. Aibu ni kulifunika, kwa maana anayeumia si wewe, ni yule aliyekuamini. Siku nyingine ukikwama, sema 'sijui', kisha tafuta mpaka ujue."

"Nitasema, Sista," Mutindi alijibu. Alitoka nje alikosubiri mama wa mtoto, akampokea mtoto, akamfunga mgongoni kwa leso.