Koo la Madam Lau

Madam Lau alikuwa ameketi mbele ya Kawira akinywa maji ya asali, midomo yake ingali kwenye kikombe, na papo hapo akasikika akiimba bafuni.

Kawira aliacha kuchana wigi. Nyuma ya mlango wimbo uliendelea, sauti ileile, Kikantoni kilekile, lugha ya kwao Hong Kong.

"Usifungue," Madam alisema kwa upole. "Inajizoeza."

Kawira, binti wa Meru, alikuwa mhudumu wake katika jengo moja refu la mji wa Lusail, Qatar, na alikuwa amempenda. Mchana wa joto Madam alimsimulia maisha yake: alivyotoka kiwanda cha maua ya plastiki Hong Kong akashinda mashindano ya kuimba, kanda zake zilivyopigwa katika kila duka la chai, filamu alizoigiza, akifa karibu katika zote, maana watazamaji walipenda kumlilia. Kisha uvimbe ukaota kooni. Daktari akaukata, na sauti ikaenda nao. Marafiki wakasahau namba yake. Miaka ikapita, akaletwa Qatar kuigiza bibi bubu katika filamu ya jangwani, na huko, ndani ya kisima kikavu, akasikia kitu kikiimba wimbo wake wa kwanza.

Akaitikia.

Tangu hapo aliimba tena, lakini Qatar tu. Akipanda ndege, koo hukauka.

"Wewe pia una koo zuri," alimwambia Kawira, akimpapasa shingo kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

Wiki ile nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Kila bafu lilipoimba, sauti ya Kawira ilififia kidogo. Hadijah, Mganda aliyesafisha ngazi za jengo, alimvuta pembeni.

"Dada, toka humo. Millicent aliyekutangulia alikuja akiongea kama redio. Aliondoka akiashiria kwa vidole."

"Mbona hukuniambia?" Kawira alinong'ona, maana kunong'ona ndiko kulikobaki.

"Niliogopa kazi yangu. Nisamehe."

Hadijah akamleta Ustadh Swaleh, mtu wa Kwale aliyefundisha watoto Kurani katika mji wa Al Wakrah. Walifika alasiri, Madam akijipodoa kwa onyesho la jioni. Hakuwafukuza. Ustadh aliketi zuliani, akaanza kusoma, na jua likiwa bado limejaa dirishani chumba kikapoa, harufu ya nywele ikapanda hadi machozi yakawatoka, maji yakaanza kutiririka bafuni bila mtu kufungua bomba, na katikati ya maji yale ikaja sauti ya msichana wa Kikenya, changamfu, ambayo Hadijah alipoisikia alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Millicent," alisema.

"Sikuingia kwa nguvu," kile kitu cha kisimani kilisema kwa sauti ile. "Niliitwa. Aliyeniita akinikataa, nitaondoka na nitarudisha vyote."

Ustadh alimgeukia Madam, akamweleza kwa Kiingereza, polepole. "Sema humtaki jini huyu. Neno moja tu. Utabaki na koo alilokuachia Mungu, na wasichana hawa watapata lao."

Kawira akapiga magoti, akamshika miguu yule mama aliyekuwa akimfunika shuka mchana akisinzia. "Madam. Tafadhali."

Madam Lau aliinama. Akamfuta machozi kwa kidole gumba. Kisha akalitazama gauni jekundu lililoning'inia kabatini.

"Unajua kunyamaza kulivyo?" aliuliza. "Mimi najua. Siwezi tena." Akageukia bafu. "Maliza."

Kawira alifungua kinywa kupiga yowe. Hakikutoka hata kikohozi. Ustadh alisoma hadi akaanguka, damu ikimtoka puani, na Hadijah akamburuta hadi kwenye lifti akilia.

Jioni ile ukumbi ulisimama kumpigia Madam makofi. Waliokuja wakimjua tangu ujana wao walisema hajawahi kuimba hivyo.

Asubuhi, Kawira akifunga mizigo, simu yake ililia. Alikuwa mama yake, kutoka Meru. Kabla hajaifikia, Madam Lau aliichukua, akaiweka sikioni, na yeye asiyejua hata salamu ya Kimeru akaongea Kimeru safi, kwa sauti ya Kawira, akiuliza habari za ng'ombe na goti linalouma.

"Hapana, mama," alisema, akimtazama Kawira usoni. "Sirudi karibuni. Huku nimependwa sana. Hebu mpe simu mdogo wangu, nisikie kama bado anaimba."