Pacha Aliyebaki Mfukoni

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi umeme, mtu asiyejua kutia chumvi.

Aliitwa mchana kupeleka intaneti kwenye chumba cha nyuma, alimoishi mama wa mwenye nyumba mpaka alipofariki. Udongo wa kaburi haujakauka, mwana keshapata mpangaji. Kuta zilikuwa nene, mtandao haupenyi, kwa hiyo fundi alikuja kujaribu vifaa pacha: kimoja unachomeka kwenye soketi ya sebuleni, cha pili chumbani, na intaneti inapita kwenye nyaya za umeme. Vikishikana vyote viwili, ndipo taa inawaka kijani.

"Bimkubwa alinichosha kwa hilo hilo," mwenye nyumba alisema huku akicheka. "Eti anataka kumwona kwa video mjukuu wake aliye mbali. Nikawa namwambia kesho, kesho."

"Na kazi yenyewe ni ya dakika tano, bosi," fundi akamjibu.

Akachomeka kile cha kwanza pale sebuleni. Taa ikawaka kijani papo hapo. Cha pili kilikuwa bado mfukoni mwake.

"Kibovu hicho!" Mwenye nyumba akaenda kuzima swichi kuu. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Giza likaingia, feni ikazunguka kivivu, ikanyamaza. Taa ya kijani haikuzimika.

Ndipo nyuma ya mlango wa kile chumba, ambamo hakikubaki hata kitanda, ukasikika mlio wa simu inayopigwa, ikisubiri kupokelewa. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa.

"Bibi," sauti ya mtoto ikauliza, "mbona huko uliko ni giza?"