Kadi ya Mkunga

Mara ya kwanza laptopu ilipopoteza mtandao, saa kumi na moja na robo jioni, hakuna aliyeshtuka. Katika nyumba ya fundi kompyuta jambo hilo ni aibu ndogo tu, kama mshonaji kukutwa na suruali iliyofumuka. Binti alipaza sauti kutoka sebuleni, "Baba, waifai yako imekufa!" na baba yake akajibu kutoka bafuni kwamba waifai haifi, hulala tu.

Mtaa mzima ulimwita Daktari. Alikuwa na duka la kutengeneza kompyuta, na humo alivaa koti jeupe alilolinunua kwa mzaha akaja kulizoea kwa kiburi. Akiletewa mashine mbovu aliegemeza sikio kwenye kibodi, akafumba macho, akamwambia mwenye mashine, "Mgonjwa wako ataishi." Watu walicheka, naye alipenda mno kuchekesha watu. Ndio ulevi wake, maana pombe hakunywa.

Jioni ile akaanza kutibu. Alizima ruta akaiwasha. Akaifanya laptopu iusahau mtandao wa nyumbani, kisha akaujulisha upya, nywila herufi kwa herufi. Akaondoa ile ruhusa inayoiachia mashine kuizima kadi ya waifai ili kutunza betri. Baada ya muda mtandao ukarudi wenyewe, naye akajisifu mbele ya mkewe. Kesho yake, saa kumi na moja na robo, ukakatika tena. Kesho kutwa vilevile. Simu zote za nyumbani zilipata mtandao bila shida. Ilikuwa laptopu tu, na dakika ileile.

Hapo ndipo binti alipoanza kuingiwa na wasiwasi. Alhamisi iliyofuata, saa kumi na moja kamili, alikuwa na usaili wa video. Watu wanne wa chuo cha ufamasia wangemhoji kwa nusu saa, na nafasi ilikuwa moja, nafasi aliyoihangaikia miaka miwili.

"Baba, nikikatika katikati ya jibu watanionaje?"

"Hukatiki," alisema Daktari. "Kwani baba yako nani?"

Ijumaa akakaa mbele ya laptopu mwenyewe. Dakika ilipofika, mitandao yote ya jengo, wa kwao, wa jirani wa juu, wa kinyozi wa chini, ilifutika mmoja mmoja kwenye orodha, ukabaki mstari mmoja usio na jina, wenye nguvu kamili. Sebule ikajaa harufu ya sabuni ya hospitali. Kisha spika, ambazo binti alikuwa amezinyamazisha, zikatoa pumzi kama ya mtu aliyemaliza kupanda ngazi, na baada ya pumzi ikaja sauti ya mwanamke mzee, yenye adabu, ya mtu asiyependa kusumbua.

"Haloo? Mwanangu? Unanisikia?"

Daktari akafunga kifuniko kwa kishindo.

"Nani huyo?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Tangazo. Haya matangazo ya siku hizi."

Lakini mkono hakuuondoa juu ya kifuniko. Sauti ile aliijua, na mwenye sauti alikuwa amezikwa wiki sita zilizopita.

Alikuwa mkunga mstaafu. Aliingia dukani na laptopu yake ndani ya foronya iliyopigwa pasi, akinukia sabuni ya hospitali kana kwamba bado yuko zamu. Binti yake aliishi nchi ya mbali, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kila jioni saa kumi na moja na robo waliongea kwa video, mama akimkagua mwanawe kwa macho: uso, vifundo vya miguu, rangi ya midomo. Siku hizo mtandao ulianza kusuasua kidogo.

"Nimepokea watoto wa mtaa huu wote," alimwambia Daktari akicheka. "Hata wa kwako nilimpokea mimi, alitanguliza miguu. Mjukuu wangu ndiye nitampokea kwa kioo."

Tatizo lilikuwa dogo, programu ya kadi ilitaka kusasishwa, kazi ya dakika kumi. Lakini Daktari alifungua mashine akaona kadi nzuri, karibu mpya, na nyumbani laptopu ya binti yake ilikuwa na kadi ya kizamani iliyopata mtandao kwa kubahatisha. Mafundi wana neno lao kwa jambo hilo. Huliita kuazima. Unachomoa kifaa kizima hapa ili ujaribie pale, na kama mwenyewe hajui, jaribio halina mwisho. Basi akaiazima. Akaitia doa dogo la rangi nyekundu ya kucha, kama alivyozoea kuvitia alama vifaa vizuri visipotee, na ile ya kizamani akamfungia mkunga.

Mkunga akarudi mara tatu. "Sasa inakatika zaidi, mwanangu. Naona midomo yake inacheza, sauti hakuna." Mara ya kwanza Daktari alisingizia ukuta. Mara ya pili alisingizia mawingu. Mara ya tatu duka lilikuwa limejaa wateja, naye akaona ukumbi umekamilika. Akaegemeza sikio kwenye kibodi, akakunja uso.

"Mama, huu si ugonjwa wa mashine. Nyumba yako ina majini. Yanakula mtandao! Nenda kafukize."

Duka zima likaangua kicheko. Mkunga naye akacheka, akifunika mdomo kwa adabu, akairudisha mashine kwenye foronya na kuondoka. Hakurudi tena.

Habari hii Daktari hakumwambia mtu. Hata msiba wa mkunga aliupitia kwa nje tu, akiharakisha.

Jumamosi jioni binti alikuwa anamsimulia mama yake habari za rafiki yake aliyenyoa nyusi. "Basi akajitazama kwenye kioo, akaniambia..." Hapo akakatika. Macho wazi, mkono hewani, mdomo umeachama kidogo. Mama yake akamwita, akampungia mkono usoni, akadhani ni utani wa kurithi kwa baba. Ikapita dakika nzima. "...sasa nitachora na nini?" binti akamalizia, akacheka peke yake, asijue kwa nini wazazi wake wamesimama.

Jumapili alikatika kwa dakika nne. Jumatatu ikawa kumi na moja, na viganja vyake vilikuwa baridi, na harufu ya sabuni ya hospitali ilitoka kwenye nywele zake.

Jumanne mke akamleta mganga. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na mkoba begani, ambaye aliomba kwanza maji ya kunywa. Alizunguka vyumba vyote akinusa, akasimama kwa muda mbele ya laptopu, akakaa.

"Sifukizi kitu hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hajaja kwa shari. Anatafuta kitu chake. Mmechukua nini cha mtu?"

Daktari alifungua mdomo. Neno lilimjia hadi kwenye ulimi. Akamtazama mkewe, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akijigamba kwa mashoga zake kwamba mumewe ni fundi asiyejua kuiba hata skrubu, na neno likarudi lilikotoka.

"Hatujachukua kitu," akasema.

"Mume wangu si mtu wa hivyo," mkewe akaongeza.

Mganga akavua miwani, akaifuta taratibu. "Basi mniwie radhi. Mimi siwezi kumfukuza mwenye mali ili mwizi akae kwa raha. Siku kikipatikana, kirudishwe kwa mkono, na mdomo useme kilivyochukuliwa, mbele ya watu wa nyumbani. Vyote viwili." Maji hakuyamaliza.

Jumatano asubuhi Daktari alifanya kazi kama wezi wanavyofanya. Aliichukua laptopu kwa kisingizio cha kuisafisha vumbi, akaipeleka dukani, akaichomoa kadi na kuitupa kwenye mtoto wa meza, na mashine akaiacha hukohuko. Alirudi mapema kuona mambo yalivyotulia. Saa kumi na moja na robo ikafika, laptopu haimo nyumbani, ruta imezimwa, hata simu zimezimwa, na binti aliyekuwa anakunja nguo akakatika na shati mkononi, na mama yake akaanza kulia kimyakimya, na zikapita dakika kumi, zikapita ishirini, na kifua cha yule msichana kikawa kinapanda polepole zaidi kila mara kama kinasahau kazi yake, na harufu ile ikawa nzito mpaka ukaionja kwenye ulimi, na midomo ambayo haikuwa imetikisika muda wote huo ikafunguka, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya msichana wa miaka kumi na tisa, ilikuwa ya mwanamke mzee mwenye adabu, ikaomba radhi kwanza.

"Samahani, fundi. Ni mimi tena. Bado inakatika."

Daktari akatoka mbio na kandambili. Aliporudi na kadi alikuwa anahema, na aliinyoosha mbele ya mkewe kwenye kiganja, kitu kidogo kuliko stempu ya barua.

"Ni ya mkunga," akasema. "Nilimwibia. Alikuja mara tatu, nikamwongopea mara tatu. Ya mwisho nikamfanya kichekesho mbele za watu."

Mkewe alitazama lile doa jekundu.

"Hiyo rangi ni yangu," akasema.

Kisha akamgeukia binti yake. Daktari angefurahi kama angempiga.

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa pili, na ndani alikuwa akiishi mdogo wa kike wa marehemu. Daktari aliyasema yote tena akiwa amesimama mlangoni, maana alijiona hafai kukaribishwa. Yule mama hakufoka. Alimsogezea kiti, akaileta mezani laptopu ikiwa bado ndani ya foronya. Daktari akafungua skrubu moja moja, akachomoa kadi ya kizamani, akapachika ile ya haki, akabana vile viwaya viwili vya antena, cheusi na cheupe.

Mashine ikawaka. Mtandao ukaingia mara moja, ukatulia. Simu yake, aliyoiwasha njiani, ikalia, alikuwa mkewe. "Amezinduka. Anauliza shati la nani hili." Akakata.

Akiwa bado ameishika simu, laptopu nayo ikaanza kuita. Kwenye kioo akatokea mwanamke kijana na mtoto mchanga begani.

"Mama mdogo! Nimeona jina la mama limewaka, nikashtuka. Mashine imepona?"

"Fundi yuko hapa, mwanangu."

"Yule wa koti jeupe?" Akatabasamu kwa uchovu. "Mama alinisimulia. Siku ya mwisho tuliyoongea aliniambia nisipige tena mpaka nyumba itafutiwe dawa, majini yasije yakanifuata na mimba yangu. Nikamwambia, Mama, huo ni utani. Akasema hapana, fundi aliisikiliza mashine kwa sikio kabisa, hawezi kunifanyia utani kwa jambo la mtoto. Tukakaa mwezi mzima bila kuongea. Ndio nikapigiwa simu kwamba amefariki."

"Kila jioni alikuwa anakaa hapa," mama mdogo akasema, akionyesha kile kiti alichokalia Daktari. "Mashine imezimwa. Nikimuuliza, anasema yuko zamu. Tulimkuta hapohapo."

Daktari akalisema kwa mara ya tatu. Aliyasema yote, kadi, ukuta, mawingu, kicheko. Alipomaliza, picha kwenye kioo ilikuwa imesimama tuli, naye kwa mazoea akaangalia alama ya mtandao, akitumaini umekatika. Haukuwa umekatika. Yule mwanamke alikuwa anamtazama tu.

Alhamisi binti alifanya usaili wake kwenye laptopu ya kuazima, ya kuazima kweli, kwa rafiki yake asiye na nyusi. Hakukatika hata neno moja, na nafasi akaipata. Mke bado yumo nyumbani. Anapakua chakula, anasema la lazima. Kile kichupa cha rangi ya kucha hakipo tena kwenye meza ya kioo.

Duka nalo lipo, koti jeupe halipo. Ukipita huko jioni utamkuta fundi ameinamia mashine ya mtu, anaeleza ubovu wake, na ikifika saa kumi na moja na robo atakatika katikati ya neno, bisibisi mkononi, macho wazi. Wateja wapya huogopa. Waliozoea huangalia saa, na wanasema kila siku inaongezeka dakika. Wakati huo yeye hawasikii wao. Anasikia pumzi ya mtu aliyepanda ngazi, kisha sauti yenye adabu ikimuuliza kama anamsikia, naye hujibu, "Nakusikia, Mama," na sauti huuliza tena, kwa sababu huko iliko jibu halifiki.

"Huyu ana majini," mmoja alisema juzi, na duka zima likaangua kicheko. Fundi alipozinduka aliwakuta bado wanacheka. Naye akacheka, akifunika mdomo kwa adabu.