Uvumi Usiojibiwa

Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa haijasimama sawasawa, na tayari stesheni ya Ifakara ilikuwa imechafuka. Wauza ndizi walikimbilia madirishani, abiria wakaangusha mizigo yao chini, baiskeli zilizokuja kupokea wageni zikagongana usukani kwa usukani. Katika vurumai hiyo kiwiko cha mtu kilimpata Evod ubavuni, boksi alilokuwa amelikumbatia likamponyoka, na dadu za rangi zikatawanyika kwenye kokoto.

"Msikanyage!" Evod alipiga kelele. "Jamani, nawaombeni, msikanyage!"

Msichana mmoja aliinama akaokota dadu nyekundu yenye pande nyingi, akaigeuzageuza juani. Alivaa gauni la bluu lenye mabega ya puto, na nywele zake zilizotiwa dawa ya kalikiti zilimeremeta mafuta. Alikuwa amekuja kupokea mabelo ya vitenge ya duka alilofanyia kazi.

"Hiki nini, kaka? Jino la mamba?"

"Dadu."

"Dadu gani haieleweki umbo? Umeingizwa mjini wewe, Kariakoo hiyo."

"Sikununua. Nimeachiwa na mzungu aliyekuwa akichimba visima huku kwetu. Nilikwenda kumsindikiza. Ni mchezo."

Msichana alimtazama kuanzia shati lililonyooshwa kwa pasi hadi kwenye viatu vilivyopigwa rangi, akacheka. "Mwanamume mtanashati hivi, umepanda treni kufuata mchezo?"

"Njoo ucheze kwanza, ndipo ucheke."

"Sijaalikwa."

"Nimekualika sasa hivi. Mimi Evod."

"Mimi Yosefina. Niulizie duka la Mama Rosemery, Mlabani." Akamwekea dadu kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja, kama anayemfungia mtoto andazi lake.

Evod alibaki amesimama pale hata watu walipokwisha.

Alikuwa karani wa kampuni moja ya kununua mpunga, Mndamba, mtoto wa Kasmiri katekista, na jina la baba yake lilimfungulia milango mingi pale mjini. Yosefina alikuwa Msukuma. Baba yake alihamia Malinyi na ng'ombe zake, akamsomesha hadi kidato cha nne, kisha akafariki. Ilikuwa miaka ya tisini katikati, na katika bonde lile wakulima na wafugaji walikuwa wameanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Mchezo ulichezwa Jumamosi alasiri sebuleni kwa Evod. Kila mmoja alijitungia mtu wake katika ufalme wa kubuni, naye Evod, akiwa mwamuzi, alisimulia mikasa ya ufalme huo, na dadu zikaamua nani ashinde. Kila mtu alikuwa na cheo chake. Anayeanza aliitwa mgeni. Akipanda akawa mwenyeji, kisha mlinzi, kisha mtukufu, na juu ya wote alikaa malkia. Heshima ilihesabiwa kwa vizibo vya soda vilivyopangwa mbele ya kila mchezaji. Ukitenda jambo la kishujaa uliongezewa, ukiaibika ulinyang'anywa.

Sheria kali kuliko zote ilikuwa ya uvumi. Mchezaji aliweza kumzulia mwenzake jambo lolote. Dadu zikikubali, na mwamuzi asipozuia, jambo hilo lilikuwa kweli katika ufalme mzima, na aliyezuliwa aliporomoka.

"Kwa hiyo hata kwenye ndoto zenu mimi ni mgeni?" Yosefina aliuliza siku ya kwanza.

"Kila mtu huanza mgeni, dada," Fridolin alimjibu. Fridolin alikuwa fundi baiskeli, mcheshi asiyejua kufunga mdomo.

"Si kila mtu," alisema Luciana.

Luciana ndiye aliyekuwa malkia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, nadhifu, kilemba chake hakikupinda hata upepo ukivuma. Tangu utotoni watu wa parokia walimwita mkwe wa katekista, na Evod hakuwahi kusema ndiyo wala hapana.

Yosefina alimpa mtu wake jina la Binti Mbuga, akacheza kama aliyezaliwa humo. Aliwapatanisha majemadari kwa kuwachekesha. Aliokoa kijiji kwa kuwafukuza simba na kundi la ng'ombe. Vizibo vikamrundikia. Na kila alipojikuta amebaki nyuma ya wenzake akimsaidia Evod kukusanya vikombe, mikono yao ilichelewa kuachana.

Siku moja simu ya dukani ililia.

"Haloo, duka la Mama Rosemery."

"Naomba kuongea na Mheshimiwa Binti Mbuga."

"Mheshimiwa ana wateja. Nani mwenzangu?"

"Mtumwa wake."

"Watumwa hawana simu."

"Huyu anatumia ya ofisi. Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba maneno yako ya jana." Yosefina alimpa kisogo Mama Rosemery, aliyejifanya anakunja khanga. "Evod, mama yangu anauliza kama huyo Evod wangu ana miguu."

"Mwambie anayo."

"Basi ionyeshe njia ya kwetu. Amekuja kutoka Malinyi kutibiwa macho, moshi wa kuni umemmaliza. Wiki hii wanampasua. Angependa akuone kabla."

"Nitakuja, laazizi."

"Lini?"

"Kazi zikipungua."

Hazikuwa kazi. Kuingia mchana kwenye chumba cha Wasukuma, katika nyumba ya kupanga, kungekuwa kama kupiga kengele mji mzima. Baba yake alishamwambia mezani, huku akipuliza uji: "Ng'ombe wao wamekula mpunga wetu. Sasa binti yao aje kula nyumba yangu?" Evod alikunywa uji wake hadi mwisho.

Jumamosi iliyofuata Binti Mbuga alikuwa karibu kufanywa mtukufu, na mtukufu ana haki ya kugombea kiti cha malkia. Sebule ilijaa harufu ya chai ya tangawizi. Yosefina alikuwa na furaha. Alivaa blauzi nyeupe aliyojishonea kwa ajili ya siku hiyo. Daktari alikuwa amemwambia kuwa jicho la mama yake lililopasuliwa litaona.

Luciana aliweka kikombe chini.

"Naleta uvumi," alisema. "Binti Mbuga ni mchawi. Uchawi kaurithi kwa mama yake, kizee mwenye macho mekundu, aliyekuja mjini akijifanya anatibiwa."

Fridolin alicheka, kisha akainamia kikombe chake.

Yosefina hakumtazama Luciana. Alimtazama Evod. Katika ufalme ule Binti Mbuga hakuwa na mama. Mama aliyetajwa alikuwa amelala kitandani nyuma ya soko, na jicho lake limefunikwa bandeji. Evod alilijua hilo vizuri. Neno moja lake, "nazuia," lingetosha.

"Mbona mwamuzi anasita?" Luciana aliuliza kwa upole. "Kama kuna sababu ya kumpendelea mtu, tuambie. Wengine tungependa kuijua. Na nyumbani kwenu pia."

Evod aliokota dadu, akazirusha.

Zilikubali.

"Uvumi umekuwa kweli," alisema, akiongea na meza. Akanyoosha mkono, akavikumba vizibo vyote vya Yosefina. "Binti Mbuga ameshuka. Ni mgeni."

Yosefina alisimama. "Umesikia alichosema huyu?"

"Ni mchezo tu, Yose."

"Basi ungeuzuia kama mchezo."

Aliondoka bila kuchukua mwavuli wake, na mvua ilikuwa inanyesha.

Jioni ile ile Fridolin alikaa kilabuni na bakuli la pombe, akawachekesha wenzake. "Leo kwa Evod tumemvua nguo mchawi! Yule Msukuma wa duka la vitenge. Yeye na mama yake, mwenye macho mekundu!" Alikusudia kuendelea kueleza habari za dadu na malkia, lakini mtu alimkatiza kwa kicheko, mwingine akaagiza pombe, na sehemu ya mchezo haikusimuliwa. Walioondoka pale waliondoka na sehemu ya uchawi. Na kwa kuwa jambo lilitokea nyumbani kwa mtoto wa katekista, hakuna aliyeuliza kama ni kweli.

Siku chache baadaye mjukuu wa Mzee Theodori alipatwa na degedege, akafa. Mzee Theodori ndiye aliyempangisha Yosefina chumba.

Yosefina alipiga simu ofisini. Sauti yake ilikuwa chini.

"Evod, watu hawaitikii salamu zetu. Jana nilimwamkia Mzee Theodori shikamoo, akatema mate. Mama wamemkataza kuchota maji kisimani."

"Mpenzi, pole. Watasahau."

"Hawasahau. Wewe hujui kwetu Usukumani wanawake wazee wanafanywa nini kwa ajili ya macho mekundu. Ndiyo maana baba alituhamisha. Njoo leo. Njoo na Fridolin, mwambieni yule mzee kwamba lilikuwa jambo la kuchezea dadu. Mtoto wa katekista akisema, wataamini."

Evod alifunika simu kwa mkono, akatazama kama bosi wake anasikia. "Nikisema hivyo watauliza tulikuwa tunacheza nini. Uchawi, wafalme, dadu za mzungu... Baba anaweza kuvuliwa ukatekista. Ngoja mambo yapoe kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Yose, nielewe. Mimi nina jina hapa mjini."

"Na mimi nina mama," alisema, akakata simu.

Walimjia mama yake kesho yake, Yosefina akiwa dukani. Kwanza akina mama waliotoka matangani walisimama mlangoni wakizomea. Kisha vijana wakavunja mlango. Bibi yule alitoka akipapasa ukuta, akiwasalimia, maana alidhani ni wageni wamekuja kumpa pole ya macho. Jiwe la kwanza lilimpiga begani. La pili liliingia kwenye bandeji, katika jicho lile lile lililopasuliwa.

Askari waliwahi kabla hajauawa. Jicho halikuponyeka. Lile jingine daktari alilifunika lipumzike, akasema hajui kama litaona.

Habari zilipomfikia, Evod aliacha daftari la mpunga wazi mezani. Alikwenda hospitali, Yosefina akakataa kutoka kuonana naye. Akarudi, akakataliwa. Ndipo Jumapili, watu wakimiminika kutoka misani, alipopanda kwenye ngazi za kanisa akiwa na suti yake ya kijivu, akapaza sauti.

"Jamani, nisikilizeni! Yosefina si mchawi, wala mama yake. Ulikuwa mchezo. Luciana alitunga, Fridolin alikuwepo, mimi ndiye niliyerusha dadu. Nilikuwa na uwezo wa kuzuia, nikaogopa. Nampenda yule msichana, na niliogopa ninyi mngejua."

Watu walisogea karibu. Fridolin alikuwa amesimama karibu na baiskeli yake. Alifungua mdomo, akaona macho yanavyomgeukia, akaufunga. Akainama kushika mnyororo wa baiskeli. Kisha mama mmoja akajishika mashavu.

"Masikini mtoto wa watu! Wamemlisha limbwata!"

"Ndiyo maana alikuwa amekonda," alisema mwingine.

"Si mnaona? Hata mama yake akipoteza jicho, binti bado anamvuta mwanamume kwa kamba."

"Hapana!" Evod alipiga kelele. "Sikilizeni!" Lakini kila alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kumhurumia. Luciana alikuja, akamshika mkono kama mgonjwa. "Mungu atamponya," aliwaambia watu, na machozi yakamtoka, mazuri, yakionekana na wote. Katekista Kasmiri alimfunika mwanawe koti lake, akamwongoza nyumbani kuombewa. Aliyekuwa na mashaka kidogo juu ya uchawi wa Yosefina hakuwa nayo tena siku ile.

Asubuhi Yosefina na mama yake walipoondoka kurudi Malinyi, kivuko cha mto Kilombero kilikuwa upande wa pili, na foleni ya magari na watu ilifika mbali. Yosefina alivaa khanga mbili zilizofifia, nywele amezifunga kitambaa. Mama yake aliketi juu ya furushi, macho yote yamefunikwa, akisikiliza maji.

Evod alifika na baiskeli, akihema. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Yose. Nimeacha kazi. Tuoane. Twende Malinyi, nitalima, nitachunga, chochote. Baba amesema nikivuka mto huu nisirudi. Nitavuka."

Yosefina alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha Evod kuliko hasira.

"Ungekuja ile siku niliyokupigia simu," alisema, "ukakaa tu mlangoni kwetu, hata bila kusema neno, ningekuwa mke wako mpaka naingia kaburini. Ulitaka kuja kwetu ukiwa huna cha kupoteza. Sasa huna. Na mimi pia sina cha kukupa."

"Bado unanipenda. Naona."

"Nakupenda, ndiyo. Nitakupenda Malinyi, nikimshika mama mkono kumpeleka chooni. Nitakupenda kila siku nikimfungua kile kitambaa. Unataka uwe unanitazama?"

Evod aliinamia usukani wa baiskeli. Kivuko kiligonga ukingo, mnyororo ukashuka kwa kelele, watu wakaanza kusukumana.

Bibi aligeuza kichwa. "Yosefina, unaongea na nani? Ni yule Evod? Ameleta miguu yake hatimaye?" Akatabasamu chini ya bandeji, akanyoosha mkono hewani. Hakuwahi kusikia sauti ya Evod wala kuambiwa nani aliyerusha dadu. Binti yake alikuwa amemficha.

Evod alipiga hatua.

"Hapana, mama," alisema Yosefina. "Ni mchukuzi tu. Anauliza kama tuna mzigo."

Mkono wa bibi ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka, ukapigapiga furushi alilokalia. "Tunao, baba. Utusaidie."

Evod aliinama, akalibeba furushi begani, akashuka nalo gengeni, viatu vyake vikizama kwenye tope. Aliliweka kwenye chuma cha kivuko, akalisukuma mahali pasipo na maji. Bibi alifuata, ameshikwa mkono, akaketi. Alipapasa hadi akaupata mkono wa kijana, akaushika kwa viganja vyote viwili.

"Wabeja, asante, mwanangu. Una mikono ya upole. Mungu akupe mke mwema, asiyekuacha."

Mabaharia walikuwa wanapandisha mnyororo. Evod aliruka kurudi nchi kavu. Yosefina alikuwa ameshamgeuzia mgongo, lakini aliijibu ile dua kwa niaba ya Evod, kwa sauti ya kusikika vizuri juu ya ngurumo ya injini.

"Amina."