Siku Gazeti Lilipotoka Bila Majina

Bi Elvecia Gauna husoma gazeti kuanzia nyuma. Huanza na vifo, kisha mpira, kisha bei ya ng'ombe, ingawa hana ng'ombe hata mmoja. Hukaa jikoni na kibuyu chake cha yerba, yale majani ya chai ya kwetu, anavuta kwa mrija na kusoma kwa sauti. Mkwewe Zulma humsikiliza huku akikanda unga wa empanada, sambusa za kwetu. Mwanawe Rubén hutafuta viatu. Mjukuu, Nahir, hulala kwenye kitanda chake kidogo akisubiri chupa ya maziwa.

Kabla ya habari yoyote, Bi Elvecia husoma jina la aliyeiandika. Waandishi wa La Ribera, gazeti la mji wetu wa Paso Hondo, anawazungumzia kama ndugu zake, na wengi wao hajawahi kuwaona. Habari ikiwa fupi husema, "Sotelo leo kaandika na njaa." Sisi majirani tumeshamzoea.

Tangu baridi ianze, maji ya bomba yalikuwa na harufu mbaya. Zulma aliogopa kumtengenezea Nahir maziwa kwa maji hayo. Akawa anamtuma Rubén kununua maji ya madumu ng'ambo ya reli. Rubén alinung'unika kila alipoyabeba, na simlaumu, maana yalikuwa mazito.

Asubuhi moja La Ribera likaja na ukurasa mzima juu ya maji. Kichwa chake kilisema maji ya Paso Hondo ni salama. Palikuwa na picha ya mwanamume mwenye koti jeupe, ameshika glasi na kutabasamu. Rubén alifurahi sana. Alisema gazeti limeshasema, basi mambo ya madumu yaishe. Zulma alisita kidogo. Kisha akachemsha maji ya bomba, akayapoza, akakoroga maziwa.

Bi Elvecia hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anafunua kurasa, anarudi nyuma, anafunua tena.

"Hakuna majina," alisema. "Hata kwenye mpira. Wamekufa wote?"

"Wangekuwa ukurasa wa vifo, mama," Zulma akamjibu.

Mwanamke huyu akitaka kujua jambo hakai. Alikunja gazeti, akavuka barabara na ndala zake hadi kwa Ofelia Brizuela. Ofelia ni mwandishi wa La Ribera. Pia ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa gazeti hilo. Alikuwa uani anaanika nguo.

Ofelia alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba majina hayakupotea, waandishi wenyewe waliyaondoa. Ndiyo desturi ya chama chao. Tajiri, yaani mwenye gazeti, akiingilia kazi yao, wanaendelea kuandika ili wasomaji wasikose habari, lakini wanamnyima majina yao. Jina la mwandishi ni lake mwenyewe. Likiwekwa juu ya habari, ni kama anasema: hii nimeiona, nimeiuliza, na nitaitetea.

"Na tajiri kaingilia nini?" Bi Elvecia aliuliza.

"Habari ya Sotelo. Kaifuatilia muda mrefu. Mzee Urdapilleta kaitupa kapuni."

"Ya nini hiyo?"

"Ya maji."

Bi Elvecia alifikiri kidogo. Kisha akafungua gazeti kwenye ule ukurasa wa mtu mwenye glasi. Akasema basi bila shaka na huu umeandikwa na mmoja wao aliyekataa kuweka jina.

Ofelia aliacha kuanika. Alimwonyesha neno moja pembeni juu, dogo kama sisimizi: *Tangazo*.

"Hii si kazi yetu. Kiwanda cha ngozi cha hapa mjini ndicho kilicholipia."

"Mimi matangazo nayajua, mwanangu," Bi Elvecia alisema. "Siku zote hayana jina la mwandishi, nayaruka. Leo hakuna chenye jina. Ningejuaje? Mmeficha majina na hamkutuambia kwa nini. Mjukuu wangu anakunywa maji hayo sasa hivi."

Ofelia alibwaga nguo iliyokuwa mkononi. Wote wawili walivuka barabara mbio.

Nahir alikuwa ameshakunywa nusu chupa. Zulma aliinyakua, na mtoto akaanza kulia. Zulma alisema maji aliyachemsha vizuri, mpaka yakatokota. Ofelia alimweleza taratibu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo. Lakini Sotelo alipeleka maji ya kisima cha mji, kinacholisha mabomba, chuo kikuu yakapimwe, na humo mkakutwa kromu, dawa ya kutengenezea ngozi. Hiyo haiondoki kwa moto. Maji yakichemka yanapungua, yenyewe inabaki palepale.

Walimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi alimpima na kuwatuliza. Alisema chupa moja haitamdhuru, lakini asipewe tena. Zulma alilia njia nzima ya kurudi. Alikuwa na hasira na kiwanda, na gazeti, na mumewe, na zaidi na nafsi yake.

Jioni hiyo Rubén alimuuliza Ofelia, sasa mtu wa kawaida atajuaje cha kuamini? Ofelia alisema huwezi kujua kila kitu, ila unaweza kuuliza. Nani kaandika? Nani kalipa? Nani kapima, na yupo wapi tumuulize? Na yule anayelaumiwa kapewa nafasi ya kujibu? Ukurasa usio na majibu hayo usiutegemee kwa chupa ya mtoto.

Kesho yake Ofelia aliwaambia wenzake kwenye mkutano wa chama maneno ya Bi Elvecia. Wengine walinuna. Walisema wao ndio walioumia, vipi tena walaumiwe? Lakini Sotelo mwenyewe alisema bibi kasema kweli. Wamegoma kimyakimya mbele ya watu waliostahili kujua. Basi wakachapa karatasi ya kueleza kila kitu. Asubuhi iliyofuata wakasimama penye kila kibanda cha magazeti, wakimpa kila mnunuzi.

Kabla ya chakula cha mchana watu walikuwa wamejaa mbele ya ofisi ya La Ribera. Mzee Urdapilleta alitoka mwenyewe mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka.

"Kiwanda kikiondoa matangazo yake," alisema, "nani atawalipa hawa waandishi?"

"Mimi," alisema Bi Elvecia. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. "Mtaani kwetu gazeti moja linasomwa na nyumba tano. Moja inanunua, nne zinapiga hodi. Kuanzia kesho kila nyumba itanunua lake. Lakini na wewe habari ya maji uitoe."

Habari ya Sotelo ilitoka siku ya Jumapili, na jina lake juu. Majibu ya kiwanda yalikuwamo pia, maana Sotelo aliwauliza. Mji ukafunga kile kisima na kuleta maji kwa malori huku kipya kikichimbwa. Mzee Urdapilleta akatia saini makubaliano na chama. Tangazo litawekewa fremu na neno lenye herufi kubwa. Habari haitatupwa kabla mwandishi hajaelezwa sababu. Kiwanda kiliondoa matangazo yake kweli. Gazeti likawa jembamba, lakini halikufa, kwa sababu wanunuzi waliongezeka.

Kisima kipya kilipoanza kutoa maji, Rubén aliingia jikoni na gazeti mkononi. Akasema limeandika maji ni salama, basi mtoto atengenezewe maziwa.

Zulma alishika ile chupa tupu, hakusogea.

"Nani kapima?"

Rubén alisoma. Chuo kikuu, na mtaalamu wa maji wa mkoa. Majina yao yalikuwepo.

"Nani kalipa?"

"Mji ndio uliolipia vipimo. Imeandikwa hapa."

"Na wasiokubali wamesemaje?"

Rubén alitafuta mstari kwa kidole. Alisoma kwamba wakulima wa kusini wanataka kisima kipimwe tena kiangazi, na mji umekubali.

Zulma alifungua bomba. Akajaza glasi, akainusa, akainywa yote mwenyewe. Kisha akajaza chupa.