Jaketi la Bluu

Foleni ya tiketi za boti ilikuwa imejaa watu na mabegi, na fundi cherehani akamkanyaga fundi lifti kwa kisigino.

"Dada, hicho ni kidole, si ngazi."

"Pole, kaka. Na wewe unavaa kandambili kwenye umati, ulitegemea nini?"

Wote wawili walikuwa wametoka mjini kuja likizo katika mkoa huu mtulivu wa fukwe, visiwa na mapango. Siku tano zilitosha kuwapumbaza kwa mapenzi. Ya sita, fundi lifti alipiga simu.

"Kipenzi, basi langu linaondoka saa kumi. Tukutane saa nne pangoni, kisiwa kikubwa, unijibu: nije kwenu kujitambulisha, au nisije?"

Sasa, pale gatini abiria wa kisiwa kikubwa huvaa jaketi la uokozi jekundu, wa kisiwa kidogo la bluu. Nahodha haulizi mtu. Anashusha kwa rangi. Fundi cherehani akapewa jekundu, akalitazama, akatazama gauni lake la waridi. Hapana. Akalirudisha, akachukua la bluu. Akashushwa kisiwa kidogo, ambako nako kuna pango, wala hakujua kuwa sicho kikubwa.

Simu ikalia.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Mlangoni mwa pango. Wewe je?"

"Mlangoni mwa pango! Hebu nipungie mkono."

Wakapunga, kila mmoja akiwapungia popo.

"Sikuoni. Umepita kwenye ngazi za mbao?"

"Ngazi gani? Hapa ni mawe matupu."

"Basi hukuja. Kama hunitaki, sema."

"Mimi nimeloa mpaka magotini, unaniambia sikuja? Au uko na mwenzio hapo?"

Fundi cherehani akakata. Fundi lifti naye akazima yake.

Saa nane nahodha alirudi. "Haya, wa kisiwa kidogo, pandeni!"

"Kidogo?" Fundi cherehani akatazama jaketi lake, kisha ya wenzake: yote ya bluu.

Alifika stendi basi la fundi lifti likinguruma, akapanda na gauni limejaa mchanga.

"Nilishushwa kisiwa kingine."

"Nani alikushusha?"

"Gauni langu."

"Sielewi."

"Nilibadilisha jaketi lisigombane na gauni. Jumapili baba yupo. Uje asubuhi, mchana analala."

Fundi lifti alimkodolea macho. Kondakta akagonga bati.

"Subiri, lakini pango lenyewe lilikuwa lipi?"

"Wewe elewa Jumapili tu," akasema, akashuka.