Plagi ya Akina Oddny

Kila asubuhi ya baridi pale Røros, mji wa theluji nyingi, Torunn alikuwa na kazi moja: kukwangua barafu kwenye vioo vya gari la dizeli la baba yake mpaka vidole vife ganzi. Oddny, jirani yake aliyesoma naye darasa la saba, hakukwangua kitu. Gari lao jipya la umeme lilipata joto likiwa bado kwenye chaji, naye akaingia jaketi likiwa mkononi.

"Kiti changu kina joto mpaka nasinzia," Oddny aliwasimulia wenzake. Torunn alimwonea kijicho hata chakula kikamshinda.

"Baridi ikikaza, magari hayo huzimika njiani," Torunn aliwaambia. "Ngojeni mtaona."

Wakangoja, wasione kitu. Alhamisi, walipotoka shule, Torunn alichungulia kwa jirani, akaona hakuna mtu nje na gari lao liko kwenye chaji. Akachomoa plagi yake ukutani na kuitundika kwenye ndoano yake.

Kesho yake baridi ilikaza kweli, lakini gari lililogoma lilikuwa la baba yake. Dizeli ilikuwa imeganda.

"Kaombe lifti kwa Solveig," baba alimwambia. Solveig ni mama yake Oddny.

Torunn aliketi nyuma, roho mkononi. Mbele ya dereva aliona chaji imebaki asilimia hamsini na tano. Wakizimikiwa kwenye theluji je?

"Utuwie radhi, leo humu kuna baridi," Solveig alisema. "Mwenzako hakuchomeka plagi."

"Niliichomeka, mama," Oddny alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nimeikuta kwenye ndoano. Kusahau si neno. Shule ni kilomita kumi na moja tu, chaji hii ingetupeleka na kuturudisha siku mbili, tatu. Uongo ndio nisioutaka. Kesho huendi kwenye mashindano ya kuteleza kwenye theluji."

Katika mashindano hayo, Oddny alikuwa wa kwanza kila mwaka na Torunn wa pili. Angenyamaza tu, ushindi ungekuwa wake. Alimtazama Oddny akijifuta macho kwa glavu, akaona aibu.

"Mimi ndiye niliyeichomoa," alisema.

Solveig aliegesha gari kando ya barabara. Oddny akageuka. "Wewe? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nilikuonea wivu. Nilitaka gari liwazimikie, watu wawacheke."

 Solveig akamshika binti yake bega. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuita mwongo na ulikuwa unasema kweli. Mashindano utakwenda."

Akamgeukia Torunn. "Umefanya vizuri kusema. Leo utamweleza baba yako kwa mdomo wako mwenyewe. Lakini sikiliza, Torunn. Kiti hicho ulichokalia huwa kitupu kila asubuhi. Ungeniomba, ningekupa. Wivu ulikufanya utafute namna ya kutuzimia gari, usione kwamba nafasi yako ilikuwamo humu humu."